Si A, Si B: Harvey Alter na Damu Iliyokuwa Ikiponya na Kuambukiza

Ndugu wa mgonjwa wanapoambiwa hospitalini kwamba mtu wao anahitaji kuongezewa damu, jambo la kwanza wanaloulizana ni la kundi: ana A, B, AB au O? Ni swali la haki, kwa maana damu isiyolingana inaweza kumuua mpokeaji kwa muda mfupi, lakini ni swali lililopata jibu zamani. Karl Landsteiner aliyabainisha makundi ya damu mjini Vienna mwaka 1901, na kufikia Vita Kuu ya Pili ya Dunia madaktari walikwisha kujua kulinganisha makundi, kuizuia damu isigande ikiwa chupani, na kuihifadhi kwenye baridi. Swali la pili ndilo lililochelewa: damu inayolingana vizuri kabisa imebeba nini kingine kutoka kwa yule aliyeitoa?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zijulikanazo kwa kifupi kama NIH, huko Bethesda katika jimbo la Maryland, takriban mgonjwa 1 kati ya kila 3 waliofanyiwa upasuaji wa moyo na kuongezewa damu alipata homa ya ini katika wiki zilizofuata. Alikuja na moyo mbovu, akaondoka na ini bovu. Miaka 30 baadaye, katika hospitali hiyo hiyo, ugonjwa huo ulikuwa umetoweka kabisa miongoni mwa walioongezewa damu. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna kazi ya watu wengi, lakini mtu aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na ambaye majokofu yake yalihifadhi ushahidi wa hatua karibu zote, ni Harvey Alter. Habari zake husimuliwa mara nyingi kama habari za kirusi kilichogunduliwa. Mimi naona msimulizi wa namna hiyo anauanza mkasa mwishoni, kwa sababu sehemu kubwa ya hatari iliondolewa kwenye damu kabla ya mtu yeyote kukijua kirusi chenyewe.

Neno moja linahitaji kuwekwa sawa kabla ya kwenda mbele. Homa ya ini ni kuvimba kwa ini, hapa tukizungumzia kule kunakosababishwa na virusi, na si homa ya manjano, ambayo ni maradhi mengine yanayoenezwa na mbu. Mkanganyiko unatokana na macho, kwa sababu maradhi yote mawili yanaweza kuyafanya kuwa ya manjano. Na hapo ndipo penye mtego, kwani wengi wa wagonjwa wa Bethesda hawakugeuka manjano hata siku moja. Walijisikia vizuri, wakarudi kazini, na dalili pekee ikawa kwenye karatasi ya maabara: kimeng'enya kiitwacho ALT, ambacho chembe za ini huvujisha zinapoumia, kilikuwa kimepanda katika damu yao.

Alter alizaliwa New York mwaka 1935, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Rochester na kuhitimu mwaka 1960, kisha mwaka uliofuata akaingia NIH na kupangiwa kazi katika benki ya damu. Hakwenda kutafuta homa ya ini. Alichokuwa akichunguza ni jambo dogo zaidi: kwa nini baadhi ya wagonjwa hupata homa na baridi baada ya kuongezewa damu ambayo kundi lake linalingana na lao. Alikisia kwamba miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya protini zilizomo katika seramu ya mchangiaji, yaani yale maji ya rangi ya majani makavu yanayobaki damu ikishaganda. Kulichunguza jambo hilo kulihitaji sahani ya agari, ute mgumu mfano wa jeli, uliotobolewa vishimo. Seramu ya mtu mmoja hutiwa katika kishimo cha katikati, seramu za watu wengine katika vishimo vya pembeni, na zote huachwa zisambae taratibu. Pale kingamwili za mmoja zinapokutana na kitu cha mwingine zinachokitambua kuwa kigeni, hutokea mstari mweupe mwembamba.

Mwenzake mmoja kazini alimwambia kwamba katika taasisi hizo hizo yupo mtu anayefanya kazi ya kufanana na yake. Mtu huyo alikuwa Baruch Blumberg, ambaye hakujishughulisha na benki ya damu bali na urithi: alikusanya seramu kutoka kwa watu wa mataifa mbalimbali ili aone protini za damu zinavyotofautiana kati ya kabila na kabila. Njia hiyo alikuwa ameianza Oxford pamoja na Anthony Allison, ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumfahamu, kwa kuwa alikulia Kenya, na mwaka 1954 alionyesha kwamba mtu aliyerithi nusu ya siko seli, yaani kutoka kwa mzazi mmoja tu, hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Allison na Blumberg walichapisha mwaka 1961 uchunguzi wa mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi, ambaye seramu yake ilitoa mistari ilipokutanishwa na seramu za baadhi ya watu. Kwa hiyo Alter na Blumberg, mmoja akitokea upande wa wagonjwa na mwingine upande wa makabila, walikuwa wakiitazama sahani ile ile.

Walihitaji seramu zenye kingamwili nyingi, na hakuna waliokuwa nazo kuwazidi wagonjwa wa himofilia. Himofilia ni ugonjwa wa kurithi ambapo damu hukosa kigandishi kimojawapo, kwa hiyo jeraha dogo au goti lililogongwa huweza kutoka damu kwa siku kadhaa. Katika miaka ile matibabu yake yalikuwa kuongezewa damu au plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, tena na tena, na mtu mzima mwenye ugonjwa huo alikuwa amekwisha kupokea kutoka kwa watu wengi sana. Alikuwa, kwa namna fulani, daftari la damu za mji mzima.

Siku moja seramu ya mgonjwa wa himofilia wa New York ilitoa mstari ilipokutanishwa na seramu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Mistari mingine waliyoizoea ilinywa rangi inayoonyesha mafuta. Huu karibu haukuinywa, na ulipowekwa rangi ya protini ukawa mwekundu. Walikiita kitu hicho antijeni ya Australia. Katika makala yao ya mwaka 1965 waliripoti kwamba kilipatikana kwa Mmarekani mmoja tu katika kila 1,000 hivi wenye afya, lakini kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 wenye lukemia, ambayo ni saratani ya damu, na wakadhani huenda kina uhusiano na saratani hiyo. Dhana hiyo haikuwa sahihi, ila kosa lenyewe lina funzo. Wagonjwa wa lukemia walikuwa wameongezewa damu mara nyingi, na kinga yao ilikuwa dhaifu kiasi cha kutoweza kukifukuza kilichoingia. Kati ya mwaka 1967 na 1968 kundi la Blumberg, wakati huo likiwa Philadelphia, pamoja na Alfred Prince huko New York na Kazuo Okochi huko Tokyo, walionyesha kwamba antijeni ya Australia inaambatana na homa ya ini aina B, na baadaye ikajulikana kwamba ni gamba la kirusi chake. Kutokana na gamba hilo ilitengenezwa chanjo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, na kinga ya aina B leo imo katika sindano za mseto wanazochomwa watoto wachanga Tanzania na Kenya. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Alter hakuwapo mambo hayo yalipobainika. Alikuwa amekwenda Seattle, kisha Chuo Kikuu cha Georgetown, kubobea katika magonjwa ya damu. Aliporudi NIH mwaka 1969, mstari aliouona kwenye agari ulikuwa tayari umepata maana kubwa kuliko alivyotarajia, na kazi iliyomngoja ilikuwa ya namna nyingine kabisa: haikuwa tena ya kuona kitu kipya, bali ya kuhesabu kwa miaka.

Mpangilio wa hesabu hiyo, alioufanya pamoja na Paul Holland, Robert Purcell na wenzao, unastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndio mhimili wa yote yaliyofuata. Kabla ya upasuaji, mgonjwa alitolewa damu kidogo ya kupimwa na kuhifadhiwa. Baada ya upasuaji alitolewa tena kila baada ya wiki moja au mbili kwa miezi, na waliopata ugonjwa walifuatiliwa kwa miaka. Sampuli kutoka kwa kila mchangiaji ambaye damu yake ilimwingia mgonjwa huyo nayo ilihifadhiwa. Kwa hiyo ALT ilipopanda kwa mgonjwa fulani, watafiti waliweza kurudi nyuma kwenye jokofu na kuuliza: hali yake kabla ilikuwaje, alipokea damu ya nani, na mpokeaji mwingine asiyeugua alipokea ya nani? Anayeanza kuchunguza baada ya mtu kuugua hana kitu cha kulinganisha. Aliyeanza kabla anacho.

Jibu la kwanza la hesabu hiyo lilihusu watu. Nchini Marekani wakati huo sehemu ya damu ilinunuliwa, na wauzaji wengi walikuwa watu waliobanwa na maisha, baadhi yao watumiaji wa dawa za kulevya kwa sindano, ambao walikuwa na kila sababu ya kuficha historia yao wanapoulizwa. Wagonjwa waliopata hata chupa moja ya damu ya kununuliwa waliugua kwa kiwango kilichowazidi mno wale waliopata ya kujitolea peke yake. Mwaka 1970 benki ya damu ya NIH ilichukua hatua mbili kwa pamoja: ikaachana na wauza damu na kubaki na wachangiaji wa hiari, na ikaanza kupima antijeni ya aina B. Kiwango cha homa ya ini kilishuka kutoka mgonjwa 1 kati ya 3 hadi takriban 1 kati ya 10.

Mtu angependa kuipa sifa maabara, lakini kipimo cha aina B kingeweza kueleza sehemu ndogo tu ya mteremko huo, kwa sababu wengi wa waliokuwa wakiugua hawakuwa na aina B. Sehemu iliyobaki, iliyo kubwa, ilitokana na kubadilisha aina ya mtu anayekaa kwenye kiti cha kutolea damu. Hili ndilo jambo ambalo Mpango wa Taifa wa Damu Salama nchini Tanzania umelihimiza tangu ulipoanza katika miaka ya 2000, kwa kuwatafuta wachangiaji wa hiari wanaorudi mara kwa mara badala ya kutegemea ndugu walioitwa usiku. Ndugu halipwi fedha, ni kweli. Hata hivyo anayeulizwa maswali ya siri huku mgonjwa wake yumo chumba cha upasuaji na shangazi zake wamekaa nje wakisubiri, naye ana sababu nzuri ya kusema hapana pale alipopaswa kusema ndiyo.

Baada ya mwaka 1970 kilibaki kile kiasi cha 1 kati ya 10. Mwaka 1973 Stephen Feinstone, Albert Kapikian na Purcell, wakitumia darubini ya elektroni, walikiona kirusi cha homa ya ini aina A, ambacho huenezwa kwa maji na chakula kichafu. Alter akafungua majokofu. Wagonjwa 22 wa homa ya ini baada ya kuongezewa damu, ambayo haikuwa ya aina B, walipimwa kwa kipimo hicho kipya, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na aina A. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1975, na ugonjwa ukaitwa homa ya ini isiyo A wala B. Hawakuuita C kwa sababu hawakujua kama ni kirusi kimoja au ni vitatu. Waliutarajia muda mfupi tu wa kungoja kabla ya jina la kudumu. Ulikuwa muda wa miaka 14, ambao ni mrefu kwa kiumbe kuitwa "si Juma wala si Hamisi".

Mtu anaweza kujua nini juu ya kirusi asichokiona? Mengi, kumbe. Mwaka 1978 Alter na wenzake waliwadunga sokwe seramu za wagonjwa na za wachangiaji waliohusishwa na ugonjwa huo, na sokwe wakapata homa ya ini. Kwa hiyo palikuwa na kitu kinachoambukiza, si sumu wala athari ya dawa ya usingizi. Kilipitishwa kwenye vichujio vya matundu madogo sana kikapita, ndipo ukubwa wake ukakadiriwa. Kikachanganywa na klorofomu, ambayo huyeyusha mafuta, na kikapoteza nguvu za kuambukiza, ndipo ikajulikana kwamba kina gamba la mafuta. (Utafiti wa namna hiyo kwa sokwe haukubaliki tena kirahisi, na NIH yenyewe ilitangaza kuuacha mwaka 2015, lakini hakuna mnyama mwingine wa maabara aliyekuwa akiambukizwa.)

Jambo hilo la gamba la mafuta linaonekana kama udadisi wa maabara tu, mpaka mtu awakumbuke tena wagonjwa wa himofilia. Wakati huo matibabu yao yalikwisha kuwa unga wa kigandishi uliotengenezwa kwa kuchanganya plazma za maelfu ya watu katika pipa moja, na mchangiaji mmoja mwenye kirusi alitosha kuliharibu pipa zima. Wengi wao waliambukizwa homa ya ini, na katika miaka ya 1980 VVU pia, ambavyo navyo vina gamba la mafuta. Dawa za kuyeyusha mafuta, pamoja na sabuni maalumu na joto, zilianza kutumiwa katikati ya muongo huo kuisafisha plazma, zikaviua virusi vya namna hiyo bila kukiharibu kigandishi. Hakuna aliyekuwa amekiona kirusi cha "si A, si B" hatua hizo zilipoanza kuchukuliwa.

Kazi nyingine ya miaka hiyo ilikuwa kuwashawishi madaktari kwamba ugonjwa huo ni wa kuogopwa. Mgonjwa asiyelalamika ni rahisi kusahauliwa, na wengi waliona ALT iliyopanda kuwa hitilafu ya karatasi tu. Wagonjwa wa Bethesda waliochukuliwa vinyama vya ini wakaonyesha vinginevyo: wengi walibaki na ugonjwa kwa miaka, na takriban mmoja kati ya watano wa hao alifikia sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, ambalo huweza kuishia kwenye saratani.

Mwaka 1981 data za NIH na za utafiti mwingine mkubwa wa Marekani zilionyesha kwamba kama damu za wachangiaji wenye ALT iliyopanda zingetupwa, karibu asilimia 30 ya maambukizi ingezuilika. Benki za damu zilisita, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Kipimo hicho hakitafuti kirusi; hutafuta ini lililoumia, na ini huumia kwa pombe, kwa unene na kwa mengine mengi. Watu wengi wasio na hatia wangekataliwa na wengine kutiwa hofu bure, huku wenye kirusi lakini ALT ya kawaida wakipita. Hakuna aliyefanya jaribio la kuthibitisha faida yake. Ukimwi ndio uliobadili mizani, kwani baada yake hakuna msimamizi wa benki ya damu aliyetaka tena kuambiwa kwamba alijua njia ya kupunguza hatari na hakuitumia. Kati ya mwaka 1986 na 1987 kupima ALT, pamoja na alama moja ya maambukizi ya zamani ya aina B, kukawa kawaida nchini Marekani. Hatua hizo, pamoja na uchujaji mkali wa wachangiaji kwa ajili ya VVU, ziliushusha ugonjwa huko NIH hadi asilimia 4 hivi.

Wakati huo huo maabara nyingi zilijitokeza kudai kwamba zimepata kipimo cha "si A, si B". Alter alikuwa na jibu moja kwa wote, na kwa maoni yangu ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kulitengeneza. Aliandaa seti ya vichupa vya seramu: baadhi kutoka kwa wagonjwa na wachangiaji waliothibitishwa, kwa majaribio ya sokwe, kwamba wanaambukiza; baadhi kutoka kwa watu waliothibitishwa kuwa salama; na baadhi vikiwa sampuli ile ile iliyowekwa mara mbili, ili anayebahatisha anaswe kwa kujipinga mwenyewe. Vichupa vilipewa namba tu, na aliyejua siri ya namba ni yeye. Kila aliyedai alitumiwa seti, akarudisha majibu, akashindwa. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 10. Alter, ambaye anajulikana kwa kutunga mashairi ya mzaha na kuyasoma katika mihadhara yake ya kisayansi, aliufanyia beti ugonjwa huu uliokataa kupatikana. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuona hata mawaidha ya kilimo yakiwekewa vina na mizani, hatashangazwa na hilo kama walivyoshangazwa wasikilizaji wake.

Aliyefaulu hatimaye alitoka nje ya hospitali kabisa. Katika kampuni ya Chiron huko California, Mwingereza Michael Houghton pamoja na Qui-Lim Choo na George Kuo, wakitumia plazma ya sokwe kutoka kwa Daniel Bradley wa kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa huko Atlanta, waliamua kukitafuta kirusi bila kukiotesha wala kukiona. Walichukua vipande vyote vya chembe za urithi vilivyomo katika plazma hiyo, wakavipandikiza ndani ya bakteria ili kila bakteria atengeneze protini ya kipande chake, kisha wakamwaga juu yao seramu ya mgonjwa wa "si A, si B". Hoja ilikuwa kwamba kingamwili za mgonjwa zitamshika bakteria aliyebeba kipande cha kirusi. Ni ule mstari wa agari wa miaka ya 1960, umehamishiwa tu kwenye chombo kingine. Miongoni mwa makoloni mengi mno walipata moja lililokubali, na kutoka kwalo wakausoma mwili wa kirusi. Chiron nao walitumiwa vichupa vyenye namba. Wakafaulu.

Ndipo Alter alipoirudia hazina yake. Katika makala ya mwaka 1989 aliripoti kwamba wagonjwa wake wote 15 waliokuwa na "si A, si B" sugu walikuwa wamepata kingamwili za kirusi hicho kipya, kilichoitwa sasa C, na kwa karibu kila mgonjwa aliyefuatiliwa alipatikana angalau mchangiaji mmoja aliyekuwa nazo. Majokofu yaliyojazwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalijibu kwa muda mfupi swali ambalo kulijibu kwa wagonjwa wapya kungechukua miaka. Yalitoa na onyo pia: kwa wastani kingamwili zilionekana wiki 22 baada ya kuongezewa damu. Katika kipindi hicho, ambacho wapimaji hukiita dirisha, mtu ana kirusi, anaambukiza, na kipimo kinamsafisha.

Historia ya upimaji tangu hapo ni ya kulifunga dirisha hilo kidogo kidogo. Kipimo cha kwanza kilianza kutumika Marekani mwaka 1990, kingine bora zaidi mwaka 1992, na mwaka 1999 kikaja kipimo kinachotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe bila kungoja kingamwili, kikalipunguza dirisha kutoka miezi hadi siku chache. Kufikia mwaka 1997 homa ya ini mpya kutokana na damu ilikuwa imefikia sifuri katika utafiti wa NIH. Hatari ya kuambukizwa aina C kwa mfuko mmoja wa damu nchini Marekani leo hukadiriwa kuwa 1 katika mifuko milioni 2 hivi.

Kuna kazi yake moja isiyotajwa sana ambayo ningeiweka karibu na hiyo kubwa. Katikati ya miaka ya 1990 kiligunduliwa kirusi kingine katika damu, kikapewa haraka jina la homa ya ini aina G, na wengi wakaanza kuuliza lini kitapimwa. Mchangiaji 1 au 2 kati ya 100 walikuwa nacho. Alter aliwarudia wagonjwa wale wale na kufanya hesabu ile ile: je, walioambukizwa kirusi hicho peke yake waliugua ini? Kirusi kilihama kweli kutoka damu hadi damu, lakini ini halikuumia kwa sababu yake, na pale kilipokuwa pamoja na aina C hakikuuzidisha ugonjwa. Kwa hiyo damu haipimwi kirusi hicho. Yale majokofu yaliyotumika kumtia hatiani mmoja yalitumika kumwachia huru mwingine, na mamilioni ya mifuko ya damu ikaepushwa na kutupwa bure.

Mwaka 2020 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Alter, Houghton na Charles Rice, ambaye mwaka 1997 alithibitisha kwamba chembe za urithi za kirusi C, zikidungwa peke yake katika ini la sokwe, zatosha kuleta ugonjwa. Kanuni ya Nobel hairuhusu zaidi ya watu watatu, kwa hiyo Choo, Kuo na Bradley waliachwa nje. Houghton alikuwa amekwisha kuonyesha anavyoliona jambo hilo alipoikataa tuzo kubwa ya Kanada mwaka 2013 kwa sababu Choo na Kuo hawakujumuishwa. Alter alikuwa na umri wa miaka 85, na bado alihesabiwa kuwa mtu wa NIH.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2013 zipo dawa za kumeza ambazo katika wiki 8 au 12 huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya wenye aina C, hata mtu aliyeambukizwa kwa chupa ya damu wakati ugonjwa ukiwa bado unaitwa "si A, si B" na akaishi nao miaka yote hiyo. Chanjo ya aina C haijapatikana. Mfuko wa damu unaotolewa leo Dar es Salaam, kabla ya kuruhusiwa kumfikia mgonjwa, hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini aina B na homa ya ini aina C, na kabla ya hapo mchangiaji huketishwa pembeni, peke yake, akaulizwa maswali.